Kutengeneza Filamu Unguja na Pemba: Mwongozo Kamili Kuanzia Hadithi hadi Pazia

Kupata kamera katika visiwa vyetu si jambo gumu tena. Kilicho kigumu ni kupata mahali pa kuionyesha filamu baada ya kuimaliza, na kwa sababu hiyo kazi nyingi nzuri za vijana wa Unguja na Pemba huishia ndani ya diski ya mhariri, zikatazamwa na waliozitengeneza pamoja na jamaa zao, basi. Majumba ya sinema yaliyokuwa yakijaza watu mjini, likiwemo la Majestic pale Vuga ambalo jengo lake la sasa ni la miaka ya 1950, hayana tena utaratibu wa zamani wa kuonyesha filamu kila jioni. Mtengenezaji wa leo hawezi kumaliza kazi yake akamkabidhi mwenye jumba na kungoja fedha za tiketi. Analazimika kulisimamisha jumba yeye mwenyewe, kwa saa mbili au tatu za usiku, katika kiwanja cha skuli, ukumbi wa hoteli au ua wa ngome. Mwongozo huu kwa hiyo unaanzia kwa mtazamaji, mahali ambapo miongozo mingi humalizia.

Ili maelezo yasielee hewani, tuseme unataka kutengeneza filamu fupi ya dakika 20 kuhusu mama wa kijiji cha Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, anayelima mwani na binti yake ambaye hataki tena kuingia baharini. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989 na wengi wanaokifanya ni wanawake, kwa hiyo watazamaji wa kwanza wa filamu hiyo ni watu wanaoijua kazi hiyo kwa mikono yao. Hawatakubali kudanganywa.

Hatua ya kwanza: amua nani atatazama, wapi na wakati gani

Kabla hujaandika hata ukurasa mmoja wa hadithi, andika mahali ambapo filamu itaonyeshwa kwa mara ya kwanza, watu watakaokaa mbele ya pazia na saa ambayo onyesho litaanza. Majibu hayo ndiyo yatakayoamua urefu wa filamu, lugha yake, mavazi ya waigizaji na hata namna sauti itakavyochanganywa. Watu wa Jambiani waliokaa kwenye majamvi baada ya sala ya Isha, watoto wakiwa mapajani, wataitazama filamu ya dakika 20 bila taabu, lakini ya dakika 90 wataivumilia kwa shida, hasa ikiwa kesho yake maji yanapwa asubuhi na kina mama wanakwenda mwani. Wageni wa hoteli za Paje na Nungwi wanahitaji tafsiri ya Kiingereza chini ya picha. Kituo cha televisheni kinataka urefu unaoingia katika nafasi zake, na matamasha mengi huweka mpaka wa filamu fupi kwenye dakika 30 au 40.

Kalenda nayo ina nguvu zake. Mwezi wa Ramadhani haufai kwa maonyesho ya hadhara, ilhali siku za Idd ni siku ambazo Wazanzibari kwa desturi hutoka na watoto wao kutafuta burudani. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, huharibu onyesho lolote la nje. Tamasha la Filamu la Kimataifa la Zanzibar, ambalo wengi wetu tunaliita ZIFF, lilifanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1998 na kwa miaka mingi limekuwa likija katikati ya mwaka, wakati wa kipupwe, mvua zikiwa zimeshapita.

Ukishajua mahali na wakati, igawe bajeti. Ushauri wangu ni kutenga robo ya fedha zote kwa ajili ya kuitangaza na kuionyesha filamu, na kuiweka fedha hiyo mahali ambapo mwongozaji hawezi kuigusa siku ya tatu ya upigaji picha anapotamani kukodi lenzi nyingine. Wanaokataa ushauri huu husema kwamba filamu mbaya haiuziki hata ikitangazwa, na ni kweli, lakini filamu nzuri isiyoonyeshwa nayo haiuziki, na hasara yake ni kubwa zaidi kwa sababu imebeba jasho la watu wengi.

Hatua ya pili: hadithi, lugha na haki

Ukurasa mmoja wa mswada wa filamu uliopangwa kwa utaratibu wa kawaida hukadiriwa kuwa dakika moja ya picha. Mswada wa mama wa Jambiani basi usizidi kurasa 20. Kila tukio lieleze kinachoonekana na kinachosikika, si mawazo yaliyomo kichwani mwa mhusika. Kama binti amechoka na bahari, mwandishi atafute kitendo kitakachoonyesha uchovu huo, kwa mfano namna anavyozifunga kamba za mwani bila kuzikaza.

Lugha ya mazungumzo iwe ya mahali penyewe. Msemo wa Makunduchi, wa Tumbatu, wa Micheweni na wa Mji Mkongwe haufanani, na mtazamaji wa visiwani hulitambua hilo tangu sentensi ya kwanza. Mzee wa Pemba anayezungumza Kiswahili cha msomaji wa taarifa ya habari humtoa mtazamaji katika hadithi kabla hata hajakaa vizuri. Mpe mwigizaji maana ya maneno na umruhusu ayaseme kwa ulimi wake. Watakaokuwa mbali na lafudhi hiyo watasaidiwa na maandishi ya chini.

Kama hadithi si yako, omba ruhusa mapema na kwa maandishi. Riwaya ya Adam Shafi ya Vuta N'Kuvute ilipofanywa filamu na Amil Shivji, ikafika hadi Tamasha la Toronto mwaka 2021, mataifa ya nje yaliona kwamba ndani ya vitabu vyetu kuna hazina kubwa ya filamu, lakini hazina hiyo ina wenyewe. Vivyo hivyo kwa taarab. Watu hudhani kwamba wimbo wa zamani ni mali ya kila mtu, ilhali una mtunzi wa mashairi, mtunzi wa muziki, mwimbaji na kikundi kilichourekodi, na vikundi vyenyewe, kama Nadi Ikhwan Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905, bado vipo na vina viongozi wa kuzungumza nao. Ofisi ya Hakimiliki Zanzibar, yaani COSOZA, ndiyo mahali pa kuuliza nani mwenye haki na kuisajili kazi yako mwenyewe. Ikiwa fedha za wimbo maarufu hazipo, mlipe mpiga udi au mpiga kanuni, ala za taarab, akutungie muziki mpya, kisha mwandikiane mkataba wa ukurasa mmoja unaosema kwamba muziki huo unaweza kutumika katika filamu hii popote itakapoonyeshwa.

Hatua ya tatu: vibali, na kupiga hodi

Utamaduni si jambo la Muungano, kwa hiyo Zanzibar ina chombo chake kinachosimamia filamu, nacho ni Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, maarufu BASSFU. Hapo ndipo unapoombea kibali cha kupiga picha, ukiwa na mswada, orodha ya watu wako, maeneo na tarehe. Baraza hilohilo ndilo linaloikagua filamu kabla ya kuonyeshwa hadharani, na kwa sababu hiyo ni busara kuwaeleza maofisa wake tangu mwanzo kama kuna tukio linaloweza kuzua maswali, badala ya kungoja filamu iliyokamilika izuiliwe. Ukitaka baadaye kuipeleka Dar es Salaam au Tanga, huko kuna Bodi ya Filamu ya Tanzania Bara na utaratibu wake. Uliza ada za kila ofisi kabla ya kuandika bajeti, kwa kuwa hubadilika.

Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000 na una mamlaka yake ya uhifadhi. Yeyote anayetaka kufunga taa ukutani au kuzuia njia kwa muda apite kwao. Kamera ya kuruka angani, yaani droni, inahitaji ruhusa ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, na maombi yake yaanze mapema kwa sababu masuala ya ulinzi nayo huangaliwa. Usiirushe karibu na bandari, kambi au uwanja wa ndege kwa kutegemea kwamba hakuna anayekuona.

Karatasi hizo zote hazitakusaidia Jambiani kama hujaonana na sheha, kiongozi wa serikali wa pale kijijini. Nenda mwenyewe, usitume kijana. Toa salamu, kaa, eleza filamu inahusu nini, nani atalipwa, watu wako watalala wapi na mavazi yao yatakuwaje. Mwombe akutambulishe kwa viongozi wa vikundi vya kina mama wa mwani, kwa kuwa wao ndio wenye mashamba ya baharini na ndio watakaokueleza siku gani kamera haiwasumbui. Hodi ya nyumba moja si hodi ya nyumba zote. Kila mtu atakayetambulika katika picha atie saini ridhaa iliyoandikwa kwa Kiswahili chepesi, na kwa mtoto atie mzazi au mlezi. Mama akisema hapendi kupigwa picha, geuza kamera na umshukuru. Usimbembeleze mbele ya wenzake.

Hatua ya nne: ratiba ya jua, maji na adhana

Hapa ndipo upigaji picha wa visiwani unapotofautiana na ule unaofundishwa katika vitabu vya kigeni. Mtengenezaji wa Unguja au Pemba apange ratiba yake kwa kuziweka saa tatu katika karatasi moja: saa ya jua, saa ya maji na saa ya sala.

Zanzibar iko karibu na nyuzi 6 kusini mwa ikweta, na kwa hiyo jua la mchana husimama karibu na utosi kwa sehemu kubwa ya mwaka, likitia kivuli kwenye macho na chini ya pua za waigizaji. Matukio ya nje yapigwe tangu kuchomoza kwa jua hadi kama saa tatu asubuhi, kisha kuanzia saa kumi jioni hadi magharibi. Mchana utumike kwa matukio ya ndani, chakula na kuhamisha vifaa. Vichochoro vya Mji Mkongwe ni tofauti nzuri, kwa sababu kuta ndefu huzuia jua kali na chokaa nyeupe hurudisha mwanga laini usoni, isipokuwa pale mwali mmoja wa jua unapopenya na kuukata uso wa mtu vipande viwili.

Maji ndiyo yanayowaumiza wengi. Bahari yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, yaani siku zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hufikia takriban mita 4. Katika pwani ya mashariki hiyo ina maana kwamba ufuo ule ule huweza kuwa bahari asubuhi na uwanda mkavu wa mchanga na majani baada ya saa chache. Kila siku maji huchelewa kwa takriban dakika 50. Ukipiga nusu ya tukio la shamba la mwani Jumatatu saa nne asubuhi maji yakiwa yamepwa kabisa, ukarudi Alhamisi, maji hayatapwa hadi karibu na saa sita na nusu, na hayatakwenda mbali kama siku ile, kwa sababu bamvua inaelekea maji mafu, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa kidogo. Wakati huo jua liko utosini na picha za siku mbili hizo hazitaungana. Ama umalize tukio zima la shambani ndani ya siku mbili zinazofuatana, ama ungoje siku 14 au 15 hadi maji na jua vikutane tena karibu na saa zile zile. Siku za bamvua maji hupwa sana kwenye saa nne au saa tano asubuhi, na huo ndio wakati ambao kina mama wenyewe huwa shambani. Mwanga wake si bora, lakini ndio ukweli wa kazi yao, na kitambaa cheupe kilichotandazwa juu ya fremu kitalainisha jua la usoni. Chukua jedwali la maji la mwaka, halafu mwoneshe mvuvi wa pale. Ataliongezea mambo ambayo jedwali haliyajui, kama upepo na mikondo ya mlango wa mwamba.

Saa ya tatu ni adhana. Mjini sauti za misikiti kadhaa hupokezana kwa dakika nyingi, na mazungumzo yaliyorekodiwa katikati yake hayawezi kukatwa na kuunganishwa na yale yaliyorekodiwa kabla au baada yake. Andika nyakati za sala katika ratiba ya kila siku na simamisha kazi kwa Adhuhuri na Alasiri, kwa heshima ya sala kwanza na kwa manufaa ya kazi vilevile, kwa kuwa wengi wa watu wako watataka kusali, na hapo ndipo betri zinapowekwa chaji na kadi za kumbukumbu zinapohamishwa. Ikiwa hadithi inahitaji adhana isikike, irekodi peke yake, nzima, kutoka mwanzo hadi mwisho, wala usiikate katikati unapohariri.

Hatua ya tano: siku za kupiga picha

Kwa filamu ya ukubwa huu watu sita wanatosha: mwongozaji, mpigapicha, mtu wa sauti, mwangalizi wa mwendelezo, msimamizi wa ratiba na chakula, na msaidizi mmoja mwenye nguvu. Nafasi ambayo haifai kuunganishwa na nyingine ni ya mtu wa sauti.

Kuhusu kamera nitasema machache, kwa sababu kamera za kisasa, hata za simu nzuri, zimeshavuka kiwango kinachohitajika na pazia la kijijini. Piga fremu 25 kwa sekunde na uweke kasi ya shata, yaani muda ambao kila fremu hupokea mwanga, kwenye 1/50 ya sekunde. Umeme wetu ni wa mzunguko wa hezi 50, na mpangilio huo huzuia taa za majumbani na madukani kumeta-meta katika picha. Tumia mguu wa kamera. Chumvi ya bahari na unyevu ni maadui wa kila siku, kwa hiyo lenzi zifutwe kila jioni na vifaa vilale katika sanduku lisilopitisha hewa lenye vifuko vya kunyonya unyevu, hasa mnapovuka kwa boti kwenda Mkoani au Wete.

Sauti ndiyo itakayoamua kama watu wataendelea kukaa. Mtazamaji husamehe picha yenye giza kidogo, lakini asiposikia mazungumzo huanza kuzungumza na jirani yake, na onyesho limekwisha. Weka maikrofoni ndogo kifuani chini ya kanga au buibui, ukihakikisha kitambaa hakisuguani nayo, na nyingine ndefu kwenye ufito wa kushika mkononi, ikielekezwa mdomoni kutoka juu. Msimu wa kusi upepo wa pwani ya mashariki hauna huruma; kifuniko cha manyoya juu ya maikrofoni si pambo. Rekodi kwa hezi 48,000 na biti 24, vilele vya sauti vikibaki karibu na desibeli 12 chini ya ukomo, ili kicheko cha ghafla kisipasuke. Kabla ya kuondoka kila mahali, waombe watu wote wanyamaze kwa dakika moja na urekodi ukimya wa pale: kunguru, mawimbi ya mbali, feni, minazi. Mhariri atautumia ukimya huo kuziba mipasuko yote.

Umeme wa Unguja hutoka Bara kwa waya uliopita chini ya bahari, na waliopitia giza la takriban miezi mitatu lililoanza Disemba 2009 wanajua kwa nini betri za akiba huandikwa katika bajeti. Kila usiku, kabla ya mtu yeyote kulala, hakikisha picha za siku hiyo zina nakala tatu katika vifaa viwili tofauti, moja ikikaa nyumba nyingine.

Jambo moja zaidi husahaulika na hujutiwa baadaye. Mteue mtu wa kupiga picha za mnato wakati waigizaji wakiwa katika hali ya hadithi: mama akiwa na fungu la mwani begani, binti mlangoni. Hizo ndizo zitakazokuwa bango, na fremu iliyochomolewa kutoka kwenye video mara nyingi haina ukali wa kutosha kuchapwa kwa ukubwa.

Hatua ya sita: uhariri

Unganisha kwanza filamu nzima kwa mfuatano wa mswada bila kupamba, uitazame, kisha uanze kupunguza. Waoneshe watu watano au sita wasioijua hadithi, usiwaeleze chochote, na uwaangalie wao badala ya skrini. Pale wanapotazama simu zao ndipo penye kazi. Baada ya hapo ndipo rangi na sauti zishughulikiwe. Tafsiri ya chini ya picha isizidi mistari miwili kwa wakati mmoja wala herufi 42 hivi kwa mstari, na iandikwe na mtu anayezijua lugha zote mbili, kwa sababu tafsiri ya mashine huwavunjia heshima wazee wetu waziwazi. Tengeneza pia maandishi ya Kiswahili kwa ajili ya viziwi na kwa wasioizoea lafudhi. Toa faili moja kuu yenye ubora wa juu kabisa na nyingine nyepesi kwa ajili ya projekta. Tamasha likitaka faili ya DCP, yaani muundo wa kidijitali unaotumika katika majumba ya sinema, uliza kwanza kama linapokea fremu 25 au 24 kwa sekunde kabla ya kulipia kazi hiyo.

Hatua ya saba: kuitangaza

Matangazo yanaanza siku ya kwanza ya upigaji picha, lakini yanapamba moto wiki sita hivi kabla ya onyesho. Andaa maelezo ya filamu kwa urefu wa aina tatu: sentensi moja ya bango, aya moja ya mtangazaji wa redio, na ukurasa mmoja wa gazeti au tamasha. Sentensi ile moja itakutesa, na inafaa ikutese. "Mama anataka binti arithi shamba lake la baharini, binti anataka nchi kavu" inamwambia mtu aamue kuja au asije, ilhali "Filamu ya kusisimua inayogusa jamii" haimwambii kitu.

Kionjo, yaani kipande kifupi cha kuitangaza filamu, kisizidi dakika moja na nusu, na kiwe na nakala ya kusimama wima kwa ajili ya simu, kwa sababu hapa kwetu habari husafiri kwa makundi ya WhatsApp ya familia, ya maskani na ya waliosoma pamoja kabla ya kufika kwingineko. Kitume kwanza kwa watu wa kijiji ulikopiga picha. Wao ndio watakaokisambaza kwa jamaa zao wa Mjini, Dar es Salaam, Maskati na London, na hakuna tangazo la kulipia litakalokuwa na nguvu hiyo. Redio nayo haijafa visiwani. ZBC Redio, ya Shirika la Utangazaji Zanzibar, na redio za jamii zinapenda mgeni mwenye hadithi, kwa hiyo mpeleke mama mwenyewe aliyeigiza, akieleza kwa sauti yake, badala ya kwenda wewe ukaeleza nia zako za kisanaa. Siku mbili kabla ya onyesho la kijijini, kodi gari lenye vipaza sauti lipite vijiji vya jirani jioni. Bango la karatasi libandikwe dukani, kwenye kituo cha daladala na penye baraza ya kahawa, baada ya kuomba, likiwa na tarehe, saa na mahali kwa herufi kubwa kuliko jina la mwongozaji.

Hatua ya nane: kulisimamisha pazia

Kiwanja cha skuli ndicho mahali pazuri zaidi katika vijiji vingi, kwa sababu kina uzio, kinajulikana na kina ukuta. Mwombe mwalimu mkuu na sheha kwa maandishi. Anza baada ya Isha. Giza litakuwa limeshakamilika na hakuna atakayelazimika kuchagua kati ya sala na filamu. Pazia lenye upana wa mita 4 linahitaji projekta yenye mwangaza wa lumeni 3,000 au zaidi, na mtazamaji wa mwisho asikae mbali kupita mara sita ya kimo cha pazia hilo. Pazia lililofungwa uwanjani hushika upepo kama tanga la jahazi: liweke kwenye upande wa jengo unaozuia upepo, lifunge kwa kamba pande zote nne na usitegemee nguzo zilizochimbiwa mchana ule ule. Spika mbili zisimame kandokando ya pazia, juu ya vichwa vya watu waliokaa. Jenereta liwekwe nyuma ya jengo, upande ambao upepo unapeleka mlio mbali na watazamaji, kwa waya mrefu ambao hakuna mtoto atakayejikwaa.

Tandika majamvi mbele kwa watoto na panga viti nyuma, ukifuata desturi ya kijiji kuhusu ukaaji wa wanawake na wanaume; muulize sheha wala usikisie. Jaribu filamu yote usiku uliotangulia, kwa projekta ile ile na faili ile ile, kuanzia dakika ya kwanza hadi ya mwisho. Baada ya onyesho wape watu nafasi ya kusema. Kina mama wa mwani watakuambia mahali ulipokosea namna ya kufunga mbegu, na huo ndio uhakiki utakaoufanyia kazi kabla ya kutoa nakala ya mwisho.

Onyesho la kijijini liwe bure, likilipiwa na mdhamini au na robo ile uliyoitenga. Fedha zitafutwe kwingine: tiketi za ukumbini Mjini, zikilipiwa kwa simu ili kupunguza msongamano mlangoni, na maonyesho ya hotelini Paje, Jambiani na Nungwi, ambako hoteli hulipa kiasi kimoja kwa usiku na wageni huja wakiwa na maswali. Naliamini soko hili la hoteli kuliko wengi wanavyoliamini. Mgeni aliyepita juu ya vigingi vya mwani asubuhi bila kujua ni vya nani atakaa dakika 20 kuwasikiliza wenyewe, na mara nyingi atakuwa na hamu ya kuzungumza nao. Mlipe mmoja wa kina mama aje.

Hatua ya tisa: matamasha, televisheni, kisha mtandao

Mfuatano huu usigeuzwe. Matamasha mengi hutaka kuwa ya kwanza kuionyesha filamu katika nchi au kanda yao, na filamu iliyokwisha kuwekwa YouTube hupoteza nafasi hiyo kabisa. Kabla ya kulipanga onyesho la kijijini, soma kanuni za tamasha unalolilenga kwa makini na, panapohitajika, omba ithibitishwe kwa barua kwamba onyesho la wanajamii halitahesabiwa. ZIFF, lenye pazia lake ndani ya Ngome Kongwe, ndilo la kuanzia kwa filamu ya hapa. Ada ya kuomba na tarehe ya mwisho huja miezi kadhaa kabla ya tamasha lenyewe. Nje ya hapo kuna tamasha la Durban, Afrika Kusini, na kuna FESPACO ya Ouagadougou, Burkina Faso, iliyoanza mwaka 1969 na ambayo hufanyika kila baada ya miaka miwili. Usiombe matamasha 30 kwa mkupuo. Chagua machache ambayo yamewahi kuchukua filamu za aina yako.

Televisheni hufuata. Vituo vya filamu za Kiswahili, kama Sinema Zetu ya Azam na Maisha Magic Bongo ya DStv, pamoja na ZBC yetu, kila kimoja kina masharti yake. Katika mkataba wowote tafuta mambo manne: haki inatolewa kwa miaka mingapi, kwa nchi zipi, kama kituo kingine kinaruhusiwa kuonyesha wakati huo huo, na fedha zitalipwa tarehe ipi. Mkataba unaochukua haki zote za milele kwa malipo ya mara moja ukataliwe, hata kama kodi ya nyumba inakusubiri.

Mtandao uje mwisho, na uje kwa mpango. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zisomwe kwanza, hasa kama unakusudia kuendesha chaneli ya kudumu. Filamu ipakiwe ikiwa na maandishi ya lugha zote mbili, maelezo kamili na picha ile ya mnato ya mama na fungu lake la mwani. Faili kuu, mswada, ridhaa za watu, mikataba ya muziki na vibali vyote viwekwe pamoja katika diski mbili, moja ikihifadhiwa nje ya nyumba yako, na nakala ya kutazamwa ipelekwe skulini Jambiani. Katika daftari la mapato ya filamu, andika tarehe ambayo kila haki uliyoiuza inakwisha, ili siku hiyo ikifika uweze kuipeleka filamu kwa mnunuzi mwingine bila kuomba ruhusa ya mtu.